Fomu ya Sista Ruthu

Mimi nina mdomo, sikatai. Pale ofisini wakisikia viatu vyangu kwenye korido, wanaochati wanaficha simu na wanaokunywa chai wanaimeza ya moto. Naitwa Anitha Ndahani, nina miaka arobaini na saba, nakaa Chang'ombe hapa hapa Dodoma, na kazi yangu ni kusimamia miradi ya mafunzo kwenye chuo kimoja cha udaktari ambacho sitakitaja jina. Chuo hakina kosa. Kosa ni langu, na nalisema mapema ili msije mkahangaika kumtafuta mwenye nalo.

Watu wakisikia nafanya kazi chuo cha udaktari wananiletea vidonda vyao. Jirani yangu mmoja aliwahi kunifunulia goti sokoni, mbele ya mafungu ya mchicha, anataka nimwambie ni nini. Jamani, mimi si daktari, wala si nesi! Nilianza pale nikiwa karani wa masjala, kazi yangu kupokea barua na kuzigonga mhuri. Nikajifunza kwa macho: ukumbi upi una feni inayozunguka kweli, mkufunzi yupi akisema saa mbili maana yake ni saa nne, mkuu yupi hasaini kitu kabla hajanywa chai. Nikasoma huku nafanya kazi, nikapata digrii yangu ya utawala nikiwa na watoto wawili na mume anayelalamika kwamba ugali umepoa. Leo mradi wowote wa mafunzo ukija, mimi ndiye ninayetafuta ukumbi, naita washiriki, napanga wakufunzi, nagombana na dereva, na mwisho naandika ripoti. Ripoti zangu hazirudishwi. Hilo lilikuwa jambo la kunivimbisha kichwa, na kweli kilivimba.

Mwaka juzi tukapata mradi mzuri, mzuri hasa. Ilikuwa kuwafundisha manesi wa zahanati za vijijini namna ya kumsaidia mtoto mchanga anayezaliwa hapumui. Mtoto anatoka kimya, mlegevu. Unamfuta, unamsugua mgongo. Akigoma, unamlaza vizuri, unambandika barakoa ndogo puani na mdomoni, unamminyia hewa kwa kifuko cha mpira ambacho manesi wanakiita ambu, huku unatazama kama kifua kinapanda. Hayo yote yaanze ndani ya dakika moja tangu azaliwe. Dakika moja tu! Mimi mwenyewe nilipoelezwa mara ya kwanza nilisisimka mwili.

Masharti ya mradi yalikuwa wazi. Kila mshiriki anafanya peke yake kwenye mdoli, mkufunzi amesimama na saa mkononi, kisha mkufunzi anajaza fomu yenye visanduku kumi na kimoja. Umeshika barakoa sawasawa, tiki. Kifua cha mdoli kimepanda, tiki. Chini kabisa mkufunzi anasaini. Asiyejaziwa fomu hapati cheti, anarudia. Masharti hayo niliyachapa mimi kwa mikono yangu hii, nikayabandika ukutani kwenye ukumbi tuliokodi Mpwapwa.

Washiriki walikuwa arobaini, wiki nzima. Mkufunzi mkuu alikuwa Dokta Gaudence, kijana mwenye akili na roho nzuri, tatizo lake moja: hajawahi kukaa mahali akatulia, muda wote anaitwa kwingine. Siku nne zilikwenda vizuri. Alhamisi, siku ya kupimana, mdoli mmoja ukapasuka kifua tukabaki na mmoja. Foleni ikawa ndefu. Saa tisa mchana Dokta akapigiwa simu, mitihani ya wanafunzi Dodoma imeingia mushkeli, aende. Wamebaki watu tisa hawajapimwa.

"Usiwe na presha, dada Anitha," akaniambia, akatoa kalamu yake nyeusi, akasaini fomu tisa tupu. "Nimeshakusainia hizi. Kesho nikiwahi nawapima chapchap, wewe utajaza majina tu, wageni wasikute makaratasi yamezagaa."

Nisijifanye mtakatifu. Fomu zilizosainiwa kabla hazikunishtua hata kidogo. Ofisi gani haifanyi? Nilizipokea nikamshukuru, nikaona jamaa ananijali.

Ijumaa wageni wa wafadhili walikuwa wafike saa tano kufunga mafunzo. Dokta alifika saa nne kasoro, macho mekundu, akapima wanane kwa mwendo wa kukimbizwa. Wa tisa alikuwa Sista Ruthu.

Sasa huyu mama ndiye niliyetaka mumjue. Sista Ruthu alikuwa na miaka hamsini na minane, mwembamba, mweusi tititi, anatembea taratibu na mkoba wake wa ngozi ya bandia ameukumbatia kifuani. Alikuwa nesi wa zahanati moja ya milimani juu ya Kibakwe tangu akiwa binti, miaka thelathini na minne kituo kimoja. Kule mtu mzima akikuambia "nilizaliwa kwa Sista", anamaanisha mikononi mwa Ruthu. Hata Lea, nesi msichana aliyekuwa akifanya naye kazi na akaja naye kwenye mafunzo, alizaliwa hivyo hivyo. Asubuhi tukiingia ukumbini manesi wote wanapanga mstari, "Shikamoo mama, shikamoo mama," na mimi nikiwemo. Wanambebea mkoba, wanampisha kiti cha karibu na dirisha.

Na wiki nzima, kila zamu yake ya mdoli ikifika, anasema kwa upole, "Wapite hawa watoto kwanza, mimi nipo." Tukawa tunawapitisha watoto. Nani atamsukuma mama mzima? Lea peke yake alimwambia siku moja, "Mama, na wewe jaribu," akanyamazishwa na wenzake kwa macho.

Ijumaa ile zamu haikuwa na pa kukimbilia. Gari la wageni lilikuwa linaingia getini, Dokta ametoka kwenda kuwapokea. Washiriki thelathini na tisa wameshakaa vitini, wamevaa vizuri, wanatazama mbele. Nikamwita. Akaja pale mezani, akashika ambu. Barakoa akaiweka juu chini, akaminya, hewa ikatoka pembeni fyuu, kifua cha mdoli kimelala palepale. Akaigeuza, akaminya tena, fyuu. Nyuma kuna msichana mmoja akacheka puani.

Niliona aibu mimi! Aibu yake niliibeba mimi, nikatamani kumrukia yule msichana nimzabe kibao. Mama wa watu, amewazalisha mama zenu, leo mnamcheka. Nikamshika mkono nikamwambia, "Basi mama, wageni wameshafika, nenda ukakae."

Hakwenda. Akaniinamia karibu na sikio. "Mwanangu," akasema, "hiki kidude bado sijakishika vizuri."

"Utakizoea mama," nikamjibu. "Miaka thelathini na minne, nani wa kukufundisha wewe kuzalisha?"

Akatabasamu. Akaenda kukaa. Nikageukia ukutani, nikaweka fomu yake juu ya yale masharti yangu mwenyewe, nikapiga tiki kumi na moja kwa kalamu yangu ya bluu. Tik tik tik. Haikuchukua hata dakika.

Nilidhani namheshimu. Kwa muda mrefu nilijiambia hivyo: Anitha, ulimstahi mama wa watu. Lakini wacha niseme na nusu ya pili, maana nimechoka kuikalia. Nilitaka arobaini kwa arobaini. Ripoti ya thelathini na tisa ningeiandika, isingenidhuru chochote, ila isingekuwa nzuri. Nilitaka kuandika asilimia mia, na nikaiandika. Sista Ruthu alipokea cheti akapigiwa vigelegele kuliko wote, wageni wakapiga naye picha, picha hiyo nikaiweka ukurasa wa kwanza.

Ndani ya ripoti kulikuwa na jedwali. Zahanati hii ina mahiri wangapi, ile ina wangapi. Kwa Sista Ruthu niliandika wawili, yeye na Lea. Wilaya wakalisoma jedwali wakaliamini, kwa nini wasiliamini? Wakaona kule mlimani wawili, kwenye zahanati nyingine bondeni hakuna hata mmoja. Miezi miwili baadaye wakamhamisha Lea kwenda bondeni. Ni uamuzi ambao ningeufanya hata mimi.

Mwezi wa tano tangu mafunzo, nikiwa mezani kwangu naandaa mafunzo mengine, simu ikaita. Ni Luka, mratibu wa afya ya mama na mtoto wilayani, mtu tunayetaniana sana. Mimi namwita shemeji, yeye ananiita mwanajeshi. Siku hiyo hakunitania.

"Dada Anitha, nitumie fomu ya upimaji ya Ruthu wa kule mlimani."

"Ya nini tena?"

"Kuna mtoto alifariki mwezi uliopita. Alizaliwa hapumui, Ruthu alikuwa peke yake. Baba wa mtoto ameleta malalamiko, anasema nesi hakujua anachofanya. Sasa kuna timu inakwenda kukaa kikao. Kama Ruthu hakuwahi kufuzu, hiyo ni shida ya mfumo, tutamfundisha. Kama alifuzu na fomu ipo, basi alijua na hakufanya. Huo ni uzembe, dada. Atafukuzwa. Na amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu."

Mimi Anitha ninayejibu watu kabla hawajamaliza swali, nikasema, "Sawa, nakutumia."

Na nikamtumia! Hapo ndipo ninapojichukia. Nilifungua kabati, nikatoa faili, nikaitazama ile karatasi. Saini nyeusi ya Dokta, tiki zangu za bluu zimelala upande mmoja zote kumi na moja, mtu yeyote mwenye macho angejua zimepigwa na mkono mmoja wenye haraka. Nikaipiga picha, nikaituma, nikamwandikia "fomu ya mshiriki imeambatishwa". Kisha nikaenda chooni nikakaa humo mpaka mhudumu wa usafi akagonga mlango.

Siku tatu nilirudisha sahani jikoni kama ilivyokuja. Nyumbani wakaniuliza kama naumwa, nikawafokea. Jumapili kanisani watu wakanyanyuka kwenda mezani pa Bwana, mimi nikabaki nimekaa, jirani yangu kwenye benchi akanigusa goti akidhani nimesinzia. Sikuwa nimesinzia. Nilikuwa naiona ile barakoa imewekwa juu chini na nasikia ile fyuu.

Jumatatu nikamfuata Dokta Gaudence, nikamweleza yote. Akafunga mlango.

"Dada, usijichome mwenyewe," akasema. "Kuna watoto hata ungekuwa na madaktari kumi hawapumui tu."

"Kwa hiyo tumwache mama afukuzwe?"

"Sijasema hivyo. Nasema saini ni yangu. Ukifungua mdomo wako umeniuza na mimi."

Nilimfokea, nikamwita mwoga, nikatoka nimebamiza mlango. Lakini kwenye ngazi nikakumbuka kwamba yeye mwoga alisaini karatasi tupu, na aliyeijaza ni mimi. Na kwamba siku tano sasa nimeshika simu, na simu ina namba ya Luka, na sijampigia.

Luka ndiye aliyepiga. Kikao kitakuwa Jumatano kule kule zahanati, chuo kinaweza kuleta mtu wa kueleza mafunzo yalivyofanyika. Nikasema nakwenda mwenyewe. "Sikiliza," akaniambia, "familia itakuwepo. Kama una jambo la ndani, lolote, tuambie sisi watatu pembeni kabla hatujaanza."

"Jambo gani bwana?" nikamjibu kwa ukali. "Sina."

Nikapanda basi mpaka Mpwapwa, nikalala pale, asubuhi nikachukua bodaboda kupanda Kibakwe na kule juu zaidi. Njiani nilipanga maneno. Nitamwita Luka pembeni. Nitasema taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyesoma. Nilifika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, nikakuta wameshakaa kwenye mabenchi ya barazani wananisubiri mimi. Luka akaniinulia nyusi: una lolote? Watu wote wakanitazama. Nikatikisa kichwa, nikakaa.

Timu ilikuwa Luka na wenzake wawili, mwenyekiti wao ni mama mmoja mwenye miwani. Upande wa pili alikaa baba wa mtoto, Bashiri, mfanyabiashara wa maharage mwenyeji wa Kondoa aliyehamia huku miaka miwili iliyopita, kijana mpole wa kofia. Nilitegemea kumkuta mkewe Asma ameketi pembeni yake. Hakuwa hapo. Alikuwa ameketi benchi la ukutani pamoja na Sista Ruthu, na kiganja chake kimo ndani ya kiganja cha Ruthu.

Nikaelewa kidogo kidogo kadiri walivyokuwa wakisema. Asma ana miaka ishirini, mama yake yuko Kondoa, huku hana ndugu. Tangu mimba changa Ruthu ndiye aliyekuwa mamake. Baada ya msiba Ruthu alikwenda kwake kila siku na uji kwenye chupa, siku arobaini zote, amemkanda maji, amemfunga tumbo. Mumewe alipopeleka malalamiko wilayani waligombana nyumbani.

"Mimi sina kesi na mama," Asma akamwambia mwenyekiti kwa sauti ndogo. "Alifanya yote. Ni Mungu. Mimi nimeshapokea."

Bashiri naye akapewa nafasi. Hakupiga kelele. "Mimi nilikuwa nje ya dirisha," akasema. "Sikusikia mtoto akilia. Nilisikia Sista anaita Lea, Lea, leta hiki, shika hapa. Na Lea hayupo, alishahama zamani. Aliita mara nne. Mtu anayejua anachofanya hamwiti mtu asiyekuwepo. Ndiyo nikaandika barua."

Pale nilijikunyata. Lea hayupo kwa sababu ya jedwali langu. Hakuna mtu pale barazani aliyelijua hilo ila mimi.

Mwenyekiti akavaa miwani vizuri, akatoa fomu, picha yangu imechapwa kwa rangi. Ile ile. Akasoma visanduku kimoja kimoja, vyote kumi na kimoja, na kila alipofika mwisho anasema "amefaulu". Kisha akamgeukia Ruthu.

"Sista, ulifundishwa kutumia ambu?"

"Nilifundishwa."

"Na ulipimwa?"

Ruthu akanitazama. Alinitazama kidogo tu, bila chuki, kama mama anavyomtazama mwanawe aliyevunja sahani mbele ya wageni. Akarudisha macho kwa mwenyekiti.

"Nilipimwa," akasema. "Walimu walikuwepo. Walinifundisha vizuri sana, wasije wakasumbuliwa. Kosa ni la mikono yangu."

Mungu wangu! Alikuwa ananistiri. Mimi niliyemponza, ananistiri mbele za watu, na kazi yake ya miaka thelathini na minne inamponyoka hivi hivi. Mwenyekiti akaandika kitu, akaanza kusema kwamba basi, kwa masikitiko, jambo hili litachukuliwa kuwa ni uzembe. Na mimi pale pale nikasimama. Sikumwita mtu pembeni. Sikukumbuka adabu wala mpango wa njiani.

"Si kweli!" nikapayuka. "Hakupimwa! Hizo tiki nimezipiga mimi, tazama rangi ya kalamu! Hakuweza hata kushika barakoa, hewa yote ilitoka pembeni, na aliniambia mwenyewe sijakishika vizuri, akaniambia hapa sikioni, nikampuuza kwa sababu wageni walikuwa getini! Lea amehamishwa kwa ripoti yangu ya uongo! Mkitaka kumfukuza mtu nifukuzeni mimi!"

Niliyamwaga yote, na mate juu. Luka alishika kichwa. Nilipomaliza machozi yalikuwa yananitiririka, na, Mungu anisamehe, nilijisikia mwepesi. Baada ya siku zote zile nikavuta pumzi ikashuka mpaka tumboni. Nilijiona shujaa kwa muda huo mfupi.

Kisha Asma akasema, "Mama?"

Hakuwa ananiita mimi. Alikuwa anamtazama Ruthu pembeni yake, karibu kabisa.

"Mama, kumbe ulikuwa hujui?"

Ruthu aliinamisha kichwa. "Nilikuwa sijui vizuri, mwanangu."

"Na siku ile ukaniambia, sukuma, usiogope, mimi nipo."

"Ndiyo."

Asma akanigeukia mimi. Macho makavu. "Dada, angekuwepo anayejua, mtoto wangu angelia?"

Luka akawahi kusema kwamba hakuna anayeweza kujua kwa hakika, kila mtoto na hali yake. Ndivyo wanavyofundishwa kusema na labda ni kweli. Lakini Asma hakumtazama Luka. Alikuwa ananitazama mimi, anangoja. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba uongo umeisha leo. Nikasema, "Pengine angelia, Asma."

Akatoa mkono wake kwenye mkono wa Ruthu. Hakuunyakua, aliutoa taratibu, kidole kwa kidole. Akasimama, akajifunga kanga vizuri, akavuka baraza akaenda kukaa kwa mumewe. Bashiri akampisha nafasi. Ndipo akaanza kulia, kilio ambacho nadhani hakuwahi kukilia siku arobaini zote zile, kwa sababu zile siku alikuwa na Mungu wa kumwachia na mama wa kumshika. Sasa hakuwa na hata mmoja, na aliyemnyang'anya ni mimi, mbele ya watu, kwa kutaka kupumua.

Ningeweza kusema pembeni. Luka aliniambia mara mbili. Timu ingejua, kazi ya Ruthu ingepona vile vile, na yule binti angebaki na amani yake. Hili silijui jibu lake mpaka leo. Kuna siku najiambia alikuwa na haki ya kujua. Kuna siku najiambia hiyo haki niliikumbuka baadaye, pale barazani sikuifikiria hata kidogo.

Kikao kiliisha haraka. Ruthu hana uzembe. Hatazalisha peke yake mpaka afundishwe upya na apimwe kweli, na Lea atarudishwa mlimani. Mimi na Dokta Gaudence tutaandikiwa barua za onyo, na kweli tuliandikiwa. Mradi umepewa mtu mwingine, nami nimerudishwa kukaa karibu na masjala nilikoanzia. Dokta tukikutana kwenye ngazi anasalimia ukuta. Hayo yote ni sawa, sina la kulalamika.

Watu walipotawanyika nikaenda kwenye lile benchi la ukutani. Ruthu alikuwa bado amekaa, mkoba wake kifuani, nafasi ya Asma iko wazi pembeni yake. Sikuthubutu kukaa hapo. Nikachuchumaa mbele yake kwenye sakafu.

"Mama, nisamehe."

Chini kwenye njia Bashiri na mkewe walikuwa wanashuka, Asma mbele, hakugeuka nyuma. Ruthu aliwatazama mpaka wakapotea kwenye kona.

"Kazi umeniokolea, mwanangu, asante," akasema. "Lakini yule alikuwa ananiita mama."